KIFUNGO CHA NGUO: KITU KIDOGO CHENYE HABARI NDEFU

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho kifuani hivi sasa, wala hamkitazami. Kitu hicho ni kifungo cha nguo. Twajua wako watakaocheka na kusema, "Je, walimu hawa wamekosa neno? Habari za wafalme na za vita zimekwisha?" Hazikukwisha. Lakini twaomba mtuvumilie kidogo, maana hata habari hii ina wafalme wake na vita vyake, tena ina jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Sababu ya kuchagua habari hii ni mtoto mmoja. Kabla hatujaitwa kufundisha walimu chuoni, tulikuwa na darasa katika shule ya kijiji upande wa Handeni. Mtoto huyo, mwenye umri wa miaka 12 hivi, alikuwa hodari wa hesabu. Shati lake lilikuwa moja tu, na vifungo vyake vilikwisha kuanguka vyote. Basi alilifunga kwa miiba ya mgunga, mmoja juu na mmoja chini. Wenzake wakamwita Bwana Mwiba. Siku tatu hakuonekana shuleni, hata siku ya nne tukamwendea nyumbani kwao. Bibi yake alitupokea vema, akatupa kigoda tukae, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto haumwi. Ni shati lake halifungi." Tulirudi njiani tukifikiri sana. Mtoto amekosa masomo ya siku tatu kwa ajili ya vitu vitano visivyofikia ukubwa wa kucha ya kidole gumba! Mambo tuliyoyafanya baadaye tutayaeleza mwishoni. Kwanza na tuone kifungo kimetoka wapi.

Lugha yetu imekiita kifungo kwa kuwa kazi yake ni kufunga. Neno hilo hilo ni adhabu ya mtu aliyetiwa gerezani, hata mtu akisema, "Jirani yangu amepata vifungo viwili," yafaa kumwuliza kwanza kama ametoka dukani au mahakamani. Lakini kabla ya kifungo palikuwa na fundo. Shuka hufungwa begani kwa fundo, na mtu huyo twasema amevaa lubega. Msuli huviringishwa kiunoni. Kanga hufungwa kifuani, na ile ya pili hutandwa kichwani. Nguo zote hizo ni vipande vya kitambaa visivyokatwa kwa umbo la mwili, na nguo isiyokatwa haihitaji kifungo. Nguo iliyokatwa na kushonwa ikabana kifuani na mikononi ndiyo inayohitaji mlango wa kuingilia, na kila mlango unahitaji komeo. Kifungo ndicho komeo la shati.

Wataalamu wanaochimba miji ya kale wameona vitu vya umbo la kifungo katika bonde la mto Indus, nchi ambayo sasa ni Pakistan. Vilifanyizwa kwa magamba ya baharini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, navyo vilitobolewa ili vishonwe kwa uzi. Lakini vilikuwa pambo tu. Watu wa zamani, hata Wayunani na Warumi, walikuwa na vifungo vya namna hiyo, na kwa kufunga nguo zao walitumia zaidi pini, mikanda na vitanzi. Kifungo kilikuwapo, kilichokosekana ni tundu. Katika Ulaya tundu lililoshonwa pembeni, lisichanike, lilienea katika karne ya 13. Hapo ndipo nguo zilipoanza kukatwa zikabana mwili, kwa kuwa sasa yalipatikana makomeo. Yapata mwaka 1268 liwali wa mji wa Paris, Étienne Boileau, aliandikisha kanuni za mafundi wa mji ule, na kati yao wamo mafundi wa vifungo. Hebu fikirini, wasikilizaji: watu walikaa na kifungo miaka elfu na elfu, na hawakupata faida yake yote mpaka mtu alipofikiri kukata tundu na kulizungushia uzi.

Sasa na turudi kwetu. Katika pwani yetu vazi la heshima la mwanamume ni kanzu. Kanzu huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, kwa hiyo shingoni hutosha kifungo kimoja au viwili. Mara nyingi kifungo chenyewe kilikuwa cha uzi uliosokotwa ukawa fundo dogo gumu, na ng'ambo yake kitanzi cha uzi. Hapo twaona fundo na kifungo vikikutana. Juu ya kanzu watu walivaa kizibau chenye vifungo kifuani, au joho, kwa kadiri ya uwezo wao.

Huku bara vitu vya biashara vilipanda kwa njia ya misafara. Mwaka 1833 Seyyid Said aliandikiana mkataba na Marekani, na baada ya hapo nguo nyeupe nzito kutoka huko zilijaa Unguja, hata zikaitwa merikani mpaka leo. Wapagazi waliondoka Pangani wakafuata bonde la mto Ruvu, wakapita nchi ya Korogwe, wakaendelea mpaka Kilimanjaro na Umasaini. Walipanda na merikani, ushanga na nyaya za shaba, wakashuka na pembe za ndovu. Pembe hizo zilikwenda kuwa vitana, vidude vya kupigia piano, mipira ya biliadi, na nyingine kuwa vifungo vya matajiri. Hivyo mnyama aliyeanguka katika nyika zetu aliweza kufunga koti la mtu asiyejua hata jina la Pangani.

Na huo ushanga una undugu na kifungo. Mwaka 1840 Mwingereza mmoja, Richard Prosser, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kufanya vifungo kwa unga wa udongo mweupe, uliotiwa katika kalibu za chuma, ukashindiliwa kwa nguvu, kisha ukachomwa motoni kama chungu. Baadaye Mfaransa, Jean-Félix Bapterosses, aliitengeneza kazi hiyo zaidi katika mji wa Briare. Aliuchanganya udongo wake na maziwa ili ushikamane, na mashine zake zilishindilia vifungo vingi kwa mara moja. Kwa ufundi ule ule walifanya na shanga, na shanga za namna hiyo zililetwa Afrika kwa wingi. Kwa hiyo shanga zilizovaliwa na bibi zetu na vifungo vyeupe vya mashati ya Ulaya vyaweza kuwa ndugu wa tumbo moja: udongo mmoja, mashine moja, moto mmoja.

Kilichoeneza mashati katika nchi yetu ni mkonge na reli. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka ule ule kazi ya reli ilianza Tanga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaenea pande zote za Korogwe, na watu wa makabila ya mbali wakaja kufanya kazi ya mkataba, wakaitwa manamba. Mtu aliyepata mshahara wake alikwenda dukani, akanunua kitambaa, akampelekea fundi aliyeketi barazani na cherehani yake. Fundi alipima, akakata, akashona, kisha akafungua kikopo cha vifungo, akauliza, "Wataka vya namna gani?" Katika kikopo kile ilikuwamo dunia nzima. Haya, na tuchungulie ndani.

Vifungo vya kwanza ni vya mifupa, pembe na kwato. Pembe ya ng'ombe ikichemshwa hulainika, hata ikaweza kupasuliwa, kunyoshwa na kukatwa. Kifungo cha pembe ni imara sana, na hakuna viwili vilivyofanana rangi, kwa kuwa hakuna ng'ombe wawili waliofanana.

Vya pili ni vya magamba ya chaza na konokono wa baharini, vyenye kung'aa kama lulu. Mji wa Birmingham katika Uingereza ulikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, na pia kwa vifungo vya shaba. Mafundi wake waliletewa magamba kutoka bahari za mbali, wakayakata kwa msumeno wa mviringo kama mtu akataye maandazi kwa kikombe.

Vya tatu ni vya kokwa. Katika Amerika ya Kusini kuna mti wa jamii ya minazi ambao kokwa yake ikikauka huwa nyeupe na ngumu kama pembe ya ndovu. Kokwa hizo zilipelekwa Hamburg na miji mingine kwa meli, zikawa vifungo vya makoti. Na wasikilizaji msidhani Afrika haina. Mkoche, ambao wengine huuita mkoma, una kokwa ngumu za namna hiyo. Katika Eritrea, walipotawala Waitaliano, kokwa za mikoche zilikusanywa zikafanyizwa vifungo. Sisi tulipokuwa watoto tulitafuna ganda lake tamu, kokwa tukaitupa.

Vya nne vitawashangaza, kwa kuwa ni vya maziwa. Yapata mwaka 1897 Wajerumani wawili, Wilhelm Krische na Adolf Spitteler, waligundua kwamba maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, kisha yakalowekwa katika dawa ya formalini, huwa magumu kama pembe. Wakayaita Galalith, maana yake kwa Kiyunani ni jiwe la maziwa. Vifungo vya jiwe hilo vilipendwa sana miaka ya 1920 na 1930, maana hukubali rangi yo yote.

Vya tano ni vya plastiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ilishinda zote kwa urahisi wake. Vifungo vingi vya siku hizi ni vya namna hiyo, vinaletwa kwa magunia, navyo vyafanana kama punje za mchele.

Hata hivyo, mtu akienda sokoni Korogwe penye nguo za mitumba, aweza kuziona bado zile namna za zamani. Njia ya kuzitambua ni hii. Gusisha kifungo shavuni: cha gamba la bahari huwa cha baridi na kizito, cha plastiki huwa cha vuguvugu na chepesi. Kisha pasha sindano moto uiguse nyuma ya kifungo: cha pembe hunuka kama nywele zilizoungua, cha maziwa hunuka kama maziwa yaliyoungua jikoni. Ila msilijaribu jambo hili katika shati la mtu mwingine bila ruhusa.

Tulisema habari hii ina vita vyake. Katika jimbo la Dorset, Uingereza, kuanzia karne ya 17, wanawake na watoto wa vijijini walifanya vifungo vya uzi uliozungushwa juu ya pete ndogo ya waya. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani penye mwanga wa mshumaa, ikalisha jamaa nyingi. Mwaka 1851 palikuwa na maonyesho makubwa London, na hapo ilionyeshwa mashine ya kufanya vifungo, mali ya John Aston. Miaka haikuwa mingi kazi ya Dorset ikaanguka. Njaa ikaingia katika vijiji vile, na wengine wakahama nchi, wakaenda ng'ambo. Mashine haikuwachukia, ila hakuna aliyewaandalia kazi nyingine.

Habari ya pili ni ya Marekani. Mjerumani, John Frederick Boepple, fundi wa vifungo, alihamia huko, akaona katika mto Mississippi makome ya maji baridi yenye magamba ya kung'aa. Mwaka 1891 alianza kukata vifungo katika mji wa Muscatine. Watu wakaingia mtoni kwa maelfu kuokota makome. Mwaka 1905 mji ule mmoja ulitoa vifungo yapata milioni 1,500. Lakini mto si ghala lisilokwisha. Walivua wakubwa kwa wadogo, hata makome yakapungua kabisa, na hapo plastiki ikaja kuimaliza kazi iliyobaki. Wasikilizaji wetu wanaokata miti kwa mkaa katika nyika ya Handeni, au wanaovua kwa nyavu za matundu madogo katika mto Ruvu, bila shaka wanaelewa maana ya neno hili bila sisi kulifafanua.

Sasa mtauliza: je, mambo haya yote yalifanywa na wenzetu tu? Zilipokuwapo siku za shida, nchi yetu pia ilionyesha iliyo nayo. Katika vita vya mwaka 1914 meli za Waingereza zilizuia bahari, na vitu vya Ulaya havikuweza kufika. Katika chuo cha uchunguzi cha Amani, milimani Usambara, sabuni, mishumaa na dawa ya kwinini vilifanyizwa kwa mazao ya nchi hii. Misioni na mashamba yakasokota pamba na kufuma nguo, na nguo za askari zikatiwa rangi ya kaki kwa mizizi ya mti. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaifuata reli, yakaingia Korogwe na Handeni, na baada ya vita meli zikaja tena na nguo na vifungo. Kazi zile nyingi zikaachwa. Mali ilikuwa pale pale ardhini. Lililoondoka ni hitaji, na hitaji lilipoondoka tukasahau.

Basi na tumrudie yule mtoto. Siku ya pili tuliwaambia wanafunzi walete vifuu vya nazi. Tulichagua vipande visivyopinda sana, tukachora duara kwa sarafu ndogo, tukavikata kwa msumeno wa chuma, tukavichonga kando kwa tupa. Matundu tuliyatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Vya kwanza vilipasuka, kwa kuwa matundu tuliyaweka karibu mno na ukingo. Tukajifunza kuyaweka katikati, nayo yasigusane. Kisha tukavisugua kwa majani ya msasa, mti ule uliokipa jina karatasi ya mafundi, tukavipaka mafuta ya nazi. Vikatoka vyeusi, vyenye kung'aa. Jioni yule mtoto alikuwa na vifungo vitano, na kesho yake waliomwita Bwana Mwiba walikuja kumwomba awaonyeshe jinsi ya kutoboa, maana mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko yetu sote. Jina la Bwana Mwiba halikusikika tena. Tangu siku hiyo aliitwa Fundi.

Na kwa kuwa kifungo kizuri kikishonwa vibaya huanguka, sikilizeni pia namna ya kukishona. Usikibane kabisa na nguo. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, ushone uzi ukipita juu ya kijiti hicho. Ukimaliza kiondoe, inua kifungo, na uzi uliolegea uzungushe chini yake mara tano au sita, upate shingo ndogo, kisha ufunge fundo. Shingo hiyo huacha nafasi ya unene wa kitambaa, na uzi haukatiki upesi. Kifungo kikianza kulegea, kishone siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasikilizaji wetu, tumeona kwamba watu wa mataifa wamefanya vifungo kwa vitu vinyonge: magamba yaliyotupwa na mawimbi, kwato za machinjioni, kokwa, maziwa yaliyoganda na vumbi la udongo. Hakuna hata kimoja katika hivyo tunachokikosa. Handeni ina pembe na ina mpingo. Korogwe ina vifuu kila siku ya soko. Pwani haiko mbali. Hatusemi kila mtu aache jembe akachonge vifungo, wala hatusemi kifungo cha plastiki ni haramu. Twasema hivi tu: kabla hujakitupa kitu, kiulize kitaweza kuwa nini. Tena mtoto akikosa kuonekana shuleni siku tatu, mwalimu asikimbilie fimbo wala barua. Aende kwao akasikilize. Huenda neno lililomzuia ni dogo, na dawa yake iko jikoni kwa bibi yake, katika kifuu kilichokwisha kukunwa nazi.